Friza haisafishi maji
Wengi wanaosafiri Marekani kwa magari yenye vitanda na jiko ndani bado huamini kwamba baridi ya friza huua vijidudu na kuondoa ladha mbaya ya maji yanayogandishwa kuwa barafu. Sivyo. Vijidudu vingi hutulia tu ndani ya barafu, kisha huamka inapoyeyuka. Na barafu isiyofunikwa hunasa harufu ya samaki au vitunguu vilivyo jirani.

Ladha inayokera mara nyingi hutokana na klorini, yaani dawa ya kuua vijidudu majini, au maji yaliyolala katika tangi la gari. Chujio la mkaa husaidia sana, lakini tafadhali, lifungwe kwenye bomba la kunywea, baada ya tangi, kwa kuwa mkaa huondoa klorini, nayo ndiyo inayoyalinda maji yaliyohifadhiwa. Safari ikiisha, tangi limwagwe lote.