Wafadhili wa Mobutu walijua

Wengi bado wanaamini kuwa mikopo na misaada iliyopewa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) chini ya Rais Mobutu Sese Seko iliibwa kwa sababu wafadhili walidanganywa. Sivyo. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal kushika wadhifa wa juu katika Benki Kuu mjini Kinshasa. Aliondoka mwaka uliofuata. Ripoti yake ya 1982 ilieleza waziwazi kwamba rushwa ndiyo iliyokuwa mfumo wenyewe, na kwamba wadai wasitarajie kurudishiwa fedha zao. Mwaka 1983 IMF ikaidhinisha mkopo mwingine! Mobutu alikuwa mshirika wa Marekani katika Vita Baridi, na hilo lilitosha. Deni, inauma kusema, waliachiwa Wakongo ambao hawakuulizwa lolote.