Kabla ya kununua AC, panda darini

Jua likikaza, simu ninazopigiwa nyingi ni za kuuliza AC ya ukubwa gani itatosha chumba. Nami huuliza: juu ya siling bodi kuna nini? "Hamna kitu fundi, ni mabati tu." Basi ukinunua AC hapo, umeme wa LUKU utakuisha unapoza paa.

Mwanza tuko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo paa ndilo linalochomwa kuliko ukuta wowote. Bati la maruni au la rangi ya mkaa, yale yanayopendwa siku hizi kuanzia Buswelu hadi Nyegezi, linaweza kupita nyuzi 60 za sentigredi saa saba mchana. Hewa ya moto yenyewe haishuki. Kinachoshuka ni mnururisho, kama jiko la mkaa linavyokuchoma uso ukiwa umekaa pembeni yake. Saa nane mchana panda stuli, weka kiganja kwenye siling bodi, kisha ukutani. Siling ikiwa ya moto kuliko ukuta, feni yako inazungusha joto tu.

Dawa ya kwanza, na ya bei nafuu, ni foili (karatasi ya aluminiamu inayong'aa), lakini hapa ndipo watu wanapopigwa. Fundi huitandika juu ya papi (mbao za kugongea bati), upande unaong'aa ukitazama juu "ili urudishe jua", halafu anagongea bati papo hapo. Vikigusana hivyo, joto linapita moja kwa moja. Upande unaong'aa lazima utazame hewa tupu, walau sentimita 2. Mimi huuelekeza chini, kwa sababu ukitazama juu vumbi huujaa na mng'ao unakufa. Mwenye nyumba akinibishia namwachia, ila simpi dhamana.

Mwenye uwezo aongeze pamba ya kioo juu ya siling. Sentimita 5 tu huzuia joto zaidi ya mara 20 kuliko siling bodi ya jipsamu ya milimita 9. Isikandamizwe wala isilowe, maana kinachofanya kazi ni hewa iliyonaswa ndani yake. Kwa hiyo ziba kwanza misumari inayovuja, kabla ya masika. Na fundi avae glovu na barakoa, inawasha balaa.

Dari lenyewe lipumue: matundu chini ya ukingo wa paa, na wavu wa vitundu vidogo kabisa, vinginevyo utafuga popo, na wale wadudu wa ziwani wakija kwa mawingu watajaa humo.

Kuta? Ya magharibi ipe baraza au mti, inatosha kwa wengi.

Ila wa Mabatini, Igogo na kwingine mliojenga mgongoni mwa jiwe, msitegemee miujiza. Jiwe hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku, na foili haiwezi kuzuia hilo. Hapo ninachoshauri ni madirisha mawili yanayotazamana, yafunguliwe jua likizama.

Umeme uangaliwe kabla ya yote. Foili ni aluminiamu: ikigusa waya uliochubuka, foili yote ya darini inapitisha umeme. Taa za kuzamisha kwenye jipsamu nazo zisifunikwe na pamba, hupata joto hadi kuungua. Mwite fundi umeme apite darini kwanza, ndipo sisi tupande.