Sikuchui, nakushika: mikono ya fizio inavyofungua kiungo kilichokaza

Kila wiki napata mtu wa aina hii hapa idara ya fiziotherapia, hospitali ya mkoa Kigoma. Katolewa hogo (ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) juzi, mkono umekauka kama kuni, na kwenye kikapu ana chupa ya mawese. Hata jina sijamuuliza kashakunja shati anasema "daktari nichue hapa hapa, tena usiogope, weka nguvu". Namwambia mzee wangu hayo mawese rudi nayo nyumbani mama apikie kunde, mi leo sikuchui, nakushika tu. Basi anakata tamaa! Usoni unamsoma kabisa anawaza nimetoka Uvinza nauli yote hii nije kushikwa?

Ngoja nieleze huko kushika ni nini, maana watu wanachanganya kuchua, kukanda na tiba ya mikono ya fizio wakadhani ni kitu kimoja.

Tatizo lingine ni lugha yetu wenyewe, kwenye Kiswahili cha mtaani kila kitu ni mshipa. Mshipa wa damu mshipa, wa fahamu mshipa, kano inayoshika misuli kwenye mfupa nayo mshipa, msuli wenyewe ukikaza unaambiwa "mshipa umejikunja". Sasa mtu akija ananiambia mshipa umepanda hapo inabidi nianze upya, maana kila kimoja kinashikwa kivyake na kuna vingine havitakiwi kuguswa kabisa.

Kiungo kama goti au kiwiko kimezungukwa na kifuko, na ndani yake kuna ute unaolainisha. Ukikaa na hogo wiki sita kile kifuko kinajikunja, kinafupika, tabaka zake zinashikana, misuli inapungua, na ubongo nao unazoea kwamba hapa hatupapeleki. Mfupa umeunga vizuri, picha inaonyesha safi, lakini mkono hauendi. Hapo ndo watu wanasema daktari alikosea kunifunga, wakati hajakosea kitu, ni gharama ya kutulizwa tu. Ndo maana tunasema wakati hogo bado lipo vidole vichezeshwe na bega linyanyuliwe kila siku (kama daktari wako hajakataza), kwasababu nimeona watu wamevunjika kifundo cha mkono afu kinachowatesa baadae ni vidole na bega ambavyo hata havikuumia.

Siku ya kwanza kazi yangu kubwa ni kupima. Nina kipimapembe, ndugu yake yule wa kwenye mkebe wa hesabu ila mikono yake mirefu, naweka kwenye kiungo nasoma digrii. Kiwiko kizima kinakunja kama 145. Ili mkono ufike mdomoni na tonge unahitaji karibu 130. Goti ndo balaa zaidi, kutembea barabara tambarare digrii 60 na kitu zinatosha, kuinuka kwenye kiti unataka kama 95 au 100, lakini choo cha kuchuchumaa au kukaa kwenye sijda kunataka 130 kwenda juu. Kwahiyo mzee wa Ujiji akiniambia "natembea vizuri ila msikitini naswali kwenye kiti" nimeshajua goti limegota wapi hata kabla ya kupima, na nimeshajua tunatafuta digrii ngapi. Ndo maana swali langu la kwanza huwa "unashindwa kufanya nini", la wapi panauma linafuata.

Baada ya hapo nashika. Mkono mmoja unatuliza mfupa wa juu, mwingine unasogeza wa chini, taratibu mpaka pale panapogoma, na pale panapogoma ndo penye habari yote. Pakigota ghafla kama umegonga jiwe, huo ni mfupa na mfupa. Pakivuta kama mkanda wa ngozi unaofika mwisho wake, hicho ni kifuko kimefupika. Pakiwa pananesa kama sponji kuna maji au uvimbe ndani. Na kama kabla sijafika mwisho msuli unadakia wenyewe kwa nguvu, huyo mtu anaumia, mwili unajilinda, hapo ukilazimisha unapigana na mlinzi badala ya kufungua mlango. Mchuaji hana muda wa kusikiliza haya, yeye ana mafuta na dole gumba.

Sasa mbinu yenyewe. Kuna fizio mmoja wa Australia, Geoffrey Maitland, ndiye aliyetupangia madaraja ya kuchezesha kiungo na mpaka leo tunayatumia. Mi huwa naeleza kwa mtumbwi. Fikiria mtumbwi umefungwa kamba pale Kibirizi. Daraja la kwanza ni kimawimbi kidogo tu, mtumbwi unatikisika pale pale na kamba imelegea. La pili mtumbwi unaenda mbali na kurudi ila kamba bado haijakaza. La tatu unaenda mbali mpaka kamba inakaza ndo unarudi. La nne kamba imekaza tayari na mtumbwi unatikisika kidogo kidogo hapo hapo mwisho. Mwenye maumivu makali namfanyia la kwanza na la pili, hata hagundui nafanya nini, nachezesha mara mbili tatu kwa sekunde kwa nusu dakika au dakika moja, napumzika, narudia. Aliyekaza lakini haumii sana ndo naenda la tatu na la nne. Lipo na la tano, ule mshtuko wa haraka unaolia "ko!", hilo lina watu wake na viungo vyake na halifanywi mpaka umechunguzwa vizuri.

Na hapo nigusie vinyozi wetu. Ndugu zangu, ukimaliza kunyolewa kijana anakushika kidevu anakizungusha shingo inalia, unasikia raha, unampa na mia tano ya soda. Kwenye mifupa ya shingo kuna mishipa ya damu inapanda kwenda ubongoni, ikichanika kwa ule mzunguko wa ghafla mtu anaweza kupata kiharusi. Haitokei kila siku, ni nadra kweli, ila ikitokea imetokea. Mwambie kijana aishie kwenye spiriti na poda.

Bega lina ujanja wake. Mtu akishindwa kunyanyua mkono anataka nimnyanyulie mkono, si ndio? Lakini kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama mpira na kimekaa kwenye kisahani kidogo, mkono ukipanda juu ule mpira inabidi uteleze kushuka chini. Usipoteleza unagonga paa la bega. Kwahiyo mi nakukalisha mkono pembeni afu nasukuma mpira kuelekea chini, kwa nje inaonekana kama sifanyi kitu, mama mmoja aliwahi kuniuliza "mwanangu mbona unasukuma chini wakati mi nataka juu?" nikacheka, dakika tano baadae mkono wake umefika kwenye kilemba. Huyo alikuwa na bega la kuganda, linawapata sana watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake zaidi, na wenye kisukari ndo linawapenda kupita kiasi, kiasi kwamba akija mtu bega limeganda bila kuumia popote namuuliza umepima sukari lini? Linaweza kuchukua mwaka au hata miaka miwili mitatu mpaka litulie, nasema ukweli ili usije ukanihesabia siku. Na likiwa bado kwenye hatua ya kuuma usiku, kulivuta kwa nguvu ni kulichokoza.

Misuli iliyofupika ina dawa nyingine, nakwambia sukuma mkono wangu kwa nguvu ya wastani, mi nazuia, sekunde tano sita hivi, legeza, vuta pumzi, na pale inapolegea ndo nanyoosha kidogo zaidi. Msuli unakubali wenyewe. Makovu yaliyofunga vizuri nayo yanasogezwa kwa vidole ili ngozi isishikane na vilivyo chini yake.

Turudi kwenye kuchua kwa nguvu, maana hapa ndo ninapoumia roho. Kijana mmoja mkwezi wa michikichi alianguka, kiwiko kikateguka. Kilirudishwa vizuri tu. Nyumbani wakaona hakinyooki wakaanza, asubuhi na jioni, maji ya moto, mafuta, mmoja kashika bega mwingine anavuta mkono, kijana analia, wanasema vumilia ndo dawa inaingia. Kaja kwetu baada ya miezi kiwiko kimegoma kwenye digrii 90, na mbele ya kiwiko unagusa kitu kigumu. Picha ikaonyesha mfupa umeota ndani ya msuli. Ndiyo, mfupa, ndani ya nyama. Kiwiko kilichoumia kina tabia hiyo, ukikichua na kukivuta kwa nguvu mapema, damu iliyovilia kwenye msuli inaweza kugeuka mfupa. Pale nikashika nikakuta ule mgoto wa jiwe niliosema, na hapo mikono yangu haina kazi, anayeweza ni daktari wa upasuaji, na hata yeye kawaida anasubiri ule mfupa ukomae kwanza. Kijana anakula kwa mkono wa kushoto.

Waliopata kiharusi nao. Bibi amepooza upande mmoja, wajukuu wanampenda, wanamnyanyua kitandani kwa kumvuta ule mkono uliolala au kumuinua makwapani. Misuli inayoshikilia bega imelala, hakuna kinachoushika ule mpira, ukivuta unashuka kwenye nafasi yake na maumivu yake hayamuachi alale. Mshikeni nyuma ya bega, kwenye koleo la mgongoni (ule mfupa mpana nyuma ya bega), na kiunoni, ule mkono uwe umewekwa juu ya mto. Tukimfanyia mazoezi tunasogeza koleo kwanza ndo mkono unafuata.

Kuna ambao sitawagusa kabisa siku hiyo, wanaenda kwa daktari kwanza: kiungo cha moto kimevimba na homa juu, kigimbi kimoja kimevimba kinauma bila kugongwa popote (inaweza kuwa damu imeganda, usikichue kabisa!), mgongo unauma na mkojo umeanza kukutoka au umepata ganzi sehemu za siri, au mgongo unaouma mpaka usiku na unakonda na kutoka jasho, maana kifua kikuu kinakaa mpaka kwenye uti wa mgongo.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni nitakuja mara ngapi. Ukweli ambao sisi fizio hatupendi kuusema kwa sauti ni kwamba kazi ya mikono yangu haikai. Nikikushika leo maumivu yanashuka, unapata digrii kumi, ukienda kukaa na mkono umeufunga kwenye kanga kesho kutwa zimerudi zilikotoka. Kinachozibakiza ni wewe kuzitumia zile kumi siku hiyo hiyo. Na watu wetu wengine wanatoka Kalya huko kwa boti, nitamwambiaje njoo mara tatu kwa wiki? Kwahiyo huwa nawafundisha. Bega, kaa mezani, weka kiganja juu ya kitambaa, kitelezeshe mbele mpaka pale panapovuta, hesabu 30, rudi. Au pitisha kanga juu ya boriti, mkono mzima uvute ule mgonjwa. Mpini wa ufagio unatosha kufungua bega upande wa nje. Goti, kaa kwenye kiti, nyayo chini, usiinue mguu, sogeza makalio mbele. Maji ya vuguvugu kabla ya zoezi sawa, ila mwenye kisukari pima maji kwa kiwiko cha mtu mwingine, ganzi inaunguza watu bila kujua. Maumivu yakiisha ndani ya nusu saa baada ya zoezi endelea, yakilala na wewe mpaka asubuhi punguza.

Ukija, njoo na picha zako zote za eksirei hata za zamani, wa goti vaa au beba kaptura, mama wa bega vaa blauzi ya kamba, na uje na yule anayekuhudumia nyumbani, maana yeye ndo nitakayemshikisha mkono aone nguvu ninayotumia ni ndogo kiasi gani.