Tiba mtandao ni nini, na inamfaaje mtu aliye mbali na hospitali?

"Mambo?"

Ujumbe mzima ulikuwa huo. Kati ya 2007 na 2009, baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakianza dawa za ARV katika kliniki tatu nchini Kenya, mojawapo ikiwa Kajiado, walitumiwa neno hilo kwa SMS kila wiki. Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na muuguzi, na aliyekaa kimya naye akatafutwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walikuwa wamemeza dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wasiotumiwa.

Nimeanza na mfano huo kwa makusudi. Mtu akisikia "teknolojia ya kidijitali katika afya", mawazo yake huruka moja kwa moja hadi kwenye droni na roboti. Kumbe mara nyingi kazi kubwa hufanywa na simu ya vitufe, ilimradi upande wa pili kuna mtu anayesoma jibu na kulifanyia kazi.

Tutenganishe maneno kwanza, maana huchanganywa sana. Afya ya kidijitali ni jina la ukoo mzima: matumizi yoyote ya simu, kompyuta, intaneti na data katika kukinga, kutambua, kutibu na kufuatilia magonjwa, hata katika kuendesha huduma zenyewe. Tiba mtandao ni mtoto mmoja wa ukoo huo, nayo ni pale mgonjwa anapokuwa mahali pamoja na anayemhudumia au kumshauri yuko pengine. Rejista ya chanjo iliyo kwenye tableti ni afya ya kidijitali, ila haijawa tiba mtandao.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1905, huko Leiden nchini Uholanzi, Willem Einthoven alitumia waya wa simu kupeleka mapigo ya moyo ya mgonjwa kutoka hospitalini hadi kwenye maabara yake, umbali wa kilomita 1.5 hivi. Nchini Australia, huduma ya madaktari wa ndege ilianza 1928, na mwaka uliofuata Alfred Traeger akaleta redio iliyopata umeme kwa kukanyagwa pedali kama baiskeli, ili watu wa nyikani waweze kumwita daktari. Kinachonivutia zaidi katika habari hiyo ni sanduku la dawa. Baadaye makazi ya mbali yaliwekewa sanduku ambalo kila dawa ilikuwa na namba yake. Daktari alisikiliza dalili kwenye redio, kisha akataja namba, na aliyekuwa karibu na mgonjwa akafungua sanduku na kuitoa. Ushauri ulipita hewani, lakini dawa ilikuwa imeshatangulia kufika. Bila sanduku lile, redio ingebaki kuwa chombo cha kupeana pole.

Siku hizi tiba mtandao hufanyika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya papo kwa papo: simu ya sauti au ya video, daktari anauliza na mgonjwa anajibu. Ya pili ni ya kutuma na kusubiri: picha, kipimo au maelezo yanatumwa sasa, bingwa anayasoma baadaye na kurudisha majibu. Video ndiyo hupendwa kwenye matangazo. Kwa maoni yangu, penye mtandao wa kusuasua hiyo ya pili ndiyo inayotenda kazi, kwa kuwa haihitaji watu wawili wapatikane kwa wakati mmoja, na picha inaweza kukaa kwenye simu hadi mhudumu atakapofika penye mnara.

Chukua mgonjwa mwenye kidonda mguuni. Mhudumu wa afya anapiga picha mbili. Moja inapigwa kwa mbali kidogo ili ionekane kidonda kiko sehemu gani ya mguu, nyingine kwa karibu, rula ikiwa imelazwa pembeni ili ukubwa usiwe wa kukisia. Anatafuta mwanga wa mchana penye kivuli, kwa sababu flashi hung'arisha ngozi na kuficha rangi yake halisi. Kisha anaandika: kilianza lini, kinauma au kinawasha, kimeshapakwa nini. Hilo la mwisho husahaulika, na ndilo bingwa wa ngozi huuliza kwanza. Picha ya ukungu isiyo na maelezo humrudisha kila mtu mwanzo.

Mambo ya kutazamwa, kama ngozi, picha za eksirei na sehemu ya nyuma ya jicho, huenda vizuri kwa njia hii. Tumbo linalohitaji kubonyezwa haliendi. Wala mama anayevuja damu baada ya kujifungua hatibiwi kwa simu. Kwake simu ni ya kuita gari na kuijulisha hospitali ijiandae.

Wakati mwingine mgonjwa hahusiki na mawasiliano kabisa. Mwaka 2003, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, Dkt. Sanjeev Arora alianzisha mradi uitwao ECHO, ambapo mabingwa wa homa ya ini aina ya C walikutana kwa video na watoa huduma wa vijijini na wa magereza kujadili wagonjwa wao mmoja mmoja. Utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa waliotibiwa huko huko kwao walipona kwa asilimia 58.2, na waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu kwa asilimia 57.5. Tofauti hiyo ni kama hakuna. Ujuzi ndio uliosafiri.

Na lile sanduku la dawa? Kwa majaribio ya wiki 21 yaliyofanyika Tanzania kati ya 2009 na 2010, vituo 129 vya Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga viliulizwa kwa SMS kila wiki vimebakiwa na dawa kiasi gani za malaria. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Hakuna daktari aliyeonekana kwenye kioo chochote, lakini kwa mzazi aliyembeba mtoto mwenye homa, hiyo ndiyo tofauti ya kurudi na dawa au mikono mitupu.

Matatizo yapo, na mengi hayahusu mitambo. Miradi huanza kwa mbwembwe, fedha za mfadhili zikiisha nayo inaisha, na mhudumu anabaki na programu tatu zisizozungumza zenyewe kwa zenyewe. Uganda ilichoshwa na hali hiyo, na mwaka 2012 Wizara ya Afya ikasimamisha miradi mipya ya aina hii kwanza, hadi utaratibu uwekwe. Halafu kuna bando na chaji: kama mhudumu anavilipia mwenyewe, ripoti zitakuja siku anazoweza.

Kuna pia suala la siri. Simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na ujumbe unaosema "kumbuka kumeza ARV" unaweza kumvunjia mtu ndoa kabla haujamponya. Ukiurudia ule wa Kenya utaona haukutaja ugonjwa wala dawa. Yeyote ambaye angeishika simu ile angesoma salamu tu.