Maelezo ya zana na maelekezo ya wakala

Kwenye ofisi za programu hapa Nairobi, kuanzia Ngong Road hadi Westlands, neno moja limetwishwa mzigo wa jirani yake. Mtu anamuundia wakala wa akili unde zana, halafu anamwambia mwenzake: "Ngoja nimalizie maelekezo ya zana." Kumbe anachopaswa kuandika pale ni maelezo, na akiandika maelekezo kweli, wakala ataharibu kazi.

Kwa ufupi: wakala wa akili unde ni modeli ya lugha iliyopewa zana, yaani vipande vya programu inavyoweza kuomba viendeshwe, kama kutafuta oda, kutuma ujumbe au kuomba malipo. Modeli haioni msimbo ulio ndani ya zana. Inaona jina lake, maelezo yake na skima ya vigezo (orodha ya taarifa zinazohitajika na umbo lake), basi. Kutokana na hayo huamua iite zana ipi, lini, na iipe nini.

Sasa maneno yenyewe. Eleza limezaliwa na elea. Mtumbwi unaelea majini, na jambo likimwingia mtu akilini husema "limenielea". Kuelewa nako ni tawi la mti huohuo. Anayeeleza, basi, hukitoa kitu kilichozama akakileta juu kionekane kilivyo. Wahenga waliposema vyaelea vimeundwa walikuwa wakitazama vyombo vya baharini, lakini unda hiyohiyo ndiyo iliyotupa "akili unde", kwa hiyo msamiati huu umekuwa ukingoja kazi hii. Elekeza limetoka kwingine: kwa elekea, kugeukia upande. Dirisha linaelekea barabarani, msafiri anaelekea Thika. Anayeelekeza humgeuza mtu ashike njia fulani. Maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, lakini moja huonyesha kitu na jingine humsukuma mtu.

Wakala anahitaji yote mawili, kila moja mahali pake. Maelekezo hukaa kwenye ujumbe wa mfumo, ule unaomwambia yeye ni nani, anahudumia nani na afuate utaratibu upi. Maelezo hukaa ndani ya zana, na zana husafiri. Tangu itolewe Novemba 2024 itifaki ya MCP (Model Context Protocol), yaani kanuni za pamoja za kuunganisha zana na mawakala, zana moja huunganishwa na mawakala wengi ambao mwandishi wake hatawajua kamwe. Ukiweka amri za duka lako ndani ya zana, zitafika hadi kwa wakala wa kliniki.

Tazama zana ya kuomba malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom, yaani njia ambayo programu nyingine hupitia kuwasiliana na M-Pesa. Mara nyingi huandikwa hivi:

"Hulipisha kwa M-Pesa. LAZIMA uitumie kila mteja anapotaja malipo."

Mteja anauliza, "Nililipa jana, mbona oda haijafika?" Ametaja malipo. Wakala mtiifu anamrushia ombi jipya kwenye simu. Hakuna hitilafu yoyote kwenye msimbo; amri ndiyo iliyomponza. Zana ya pili nayo ikiwa imeandikwa "niite mimi kwanza", modeli inabaki kati ya amri mbili zinazogombana.

Maelezo ya zana hiyohiyo yangekuwa hivi:

"Hupeleka ombi la malipo kwenye simu ya mteja. Pesa haitoki mpaka mteja mwenyewe aweke PIN. Namba ya simu iwe tarakimu 12 zinazoanza na 254, bila alama ya kujumlisha. Inayoanza na 07 au 01, ondoa sifuri kisha tanguliza 254. Kiasi kiwe shilingi kamili, bila senti. Jibu la 0 linamaanisha ombi limepokelewa, si kwamba mteja amelipa. Matokeo yasome kwa zana ya kagua_malipo. Haikagui malipo ya zamani wala hairudishi pesa."

Sentensi ya jibu la 0 ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Bila hiyo, modeli huona 0, huona kwamba mambo yamekwenda vizuri, na humwambia mwenye duka kuwa pesa imeingia ilhali mteja bado anatafuta simu yake mfukoni. Matokeo halisi huja baadaye: namba 1032 mteja akighairi, namba 1 salio lake lisipotosha. Hayo modeli haiwezi kuyakisia kutoka kwenye jina la zana.

Mtu atauliza: "ondoa sifuri" si amri hiyo? Ni amri kwa sarufi, lakini inaeleza umbo ambalo zana inakubali, na umbo hilo halibadiliki hata zana ikienda kwa nani. "Haikagui malipo ya zamani" ni vilevile: mpaka wa zana, ulioandikwa ili modeli ijue pa kuishia.

Kuhusu urefu, nyaraka za Anthropic, kampuni inayounda modeli za Claude, hushauri angalau sentensi 3 hadi 4 kwa kila zana, na zaidi ikiwa zana ni tata. Usifurike tu, maana kwa kawaida maelezo yote hupelekwa kwa modeli katika kila ombi na hulipiwa kwa tokeni, vile vipande vidogo vya maandishi ambavyo modeli husoma.

Kwa hiyo mwenzako akikuambia anamalizia maelekezo ya zana, keti naye mpitie sentensi moja baada ya nyingine. Ile ambayo ingebaki kweli hata zana ikichukuliwa na wakala wa biashara nyingine ni maelezo, ibaki hapo. Ile inayosema "mteja wetu", "kwanza" au "kila mara" huenda ni maelekezo. Ihamishieni kwenye ujumbe wa mfumo.