Maumivu ya chini ya kitovu yanayorudi: umeshapimwa kichocho?

Wanawake wengi wanaotufikia hapa Pemba kwa maumivu ya chini ya kitovu huwa wameshapita duka la dawa si mara moja. Walipewa vidonge vya UTI, wakapata nafuu kwa muda, maumivu yakarudi. Wengine waliambiwa ni chango, wakanywa dawa za miti shamba. Wachache sana waliwahi kuulizwa walikulia karibu na maji gani.

Kwetu sisi suali hilo ni la lazima. Kichocho cha kibofu kipo Unguja na Pemba tangu zamani, nacho hufuata maji baridi: mito, mabwawa na mabonde ya mpunga, kwani humo ndimo wanamoishi konokono wanaokieneza. Upande wa Makunduchi na Paje, ambako ardhi ni ya mawe na hakuna mito, ugonjwa huu ni wa nadra. Baharini haupo kabisa, kwa hiyo akina mama wa mwani wasiwe na khofu na maji ya chumvi.

Vijidudu vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi ya anayefua, anayeoga au anayepanda mpunga, kisha vikakua kuwa minyoo inayokaa ndani ya mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Madhara makubwa huletwa na mayai. Baadhi hutoka na mkojo, mara nyingi pamoja na damu. Mengine hukwama kwenye nyama ya kibofu, na kwa mwanamke hukwama pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi. Hapo huleta maumivu, uchafu, damu baada ya tendo la ndoa, na wengine hukosa kushika mimba.

Dalili hizo zinafanana sana na za magonjwa ya zinaa. Inasikitisha mno mke kutuhumiwa nyumbani kwa maradhi aliyoyapata akiwa mtoto, akichota maji mtoni. Kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana.

Ukienda kupima, peleka mkojo uliokojoa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana mayai hutoka kwa wingi wakati huo. Kama uko hedhini, sema, damu isije ikachanganya majibu. Na mkojo usipoonyesha mayai, bado yanaweza kuwa yamekwama kwenye kizazi. Omba uangaliwe shingo ya kizazi.

Dawa yake ni prazikwanteli, hutolewa kwa kufuata uzito wa mgonjwa, na ni vizuri uile ukiwa umeshakula. Kizunguzungu au kichefuchefu kikija, hupita. Huua minyoo iliyokomaa tu, kwa hiyo huenda ukahitaji kurudia, na ukirudi kwenye maji yale yale utaambukizwa tena. Makovu ya miaka mingi huenda yasiondoke, ndiyo maana nawasihi wazazi wasiwazuie watoto kumeza dawa hii inapogawiwa skuli. Mjamzito amueleze mhudumu kwanza.

Si kila maumivu ni kichocho, bila shaka. Hedhi nzito zenye mabonge huweza kuwa uvimbe wa kizazi. Homa na uchafu wenye harufu huashiria maambukizi ya via vya uzazi, na hapo mume naye hutibiwa. UTI nayo ipo, lakini ikirudi tena na tena, mkojo uoteshwe maabara, yaani vijidudu vilivyomo vikuzwe, ijulikane dawa gani inafaa, badala ya kubahatisha antibiotiki nyengine. Wanaume nao wana mawe ya kibofu, tezi dume na ngiri.

Mawili hayasubiri. Mwanamke aliyepitisha siku zake akashikwa na maumivu makali ghafla, hasa ya upande mmoja, huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Na maumivu yanayoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia, pamoja na kutapika na homa, huenda ni kidole tumbo. Nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane. Usimeze panadoli ukangoja kuche.