Jua Mwanza lipo bwerere, sasa mbona mama mzazi ana sonona? Maswali ya vitamini D tunayoulizwa kliniki

Mwangaluka wana Mwanza. Mimi natoa elimu ya afya kwa wajawazito na wazazi hapa jijini, na kuna swali linanifuata sana siku hizi, yani nikimaliza kuongea na kina mama lazima abaki mmoja nyuma aulize kwa sauti ya chini. Juzi alikuwa dada mmoja katokea Igoma, kambeba mtoto wa wiki tano, akatoa kwenye pochi boksi la vidonge vya vitamini D alilonunua famasi akaniambia, "nimeambiwa hivi ndo vinaondoa ile hali." Nikamuuliza hali gani dada? Akanyamaza, machozi yakaanza kumtoka.

Ile hali ina jina, inaitwa sonona. Mtaani utasikia "ana mawazo", "mimba inamsumbua", wengine moja kwa moja karogwa. Sasa tutofautishe. Kuna kile kilio cha siku ya tatu, ya nne, ya tano baada ya kujifungua, maziwa yanaingia, mama analia hata kwa sababu uji umepoa, hicho kinawapata wengi sana na ndani ya wiki mbili kinaisha chenyewe. Sonona haiishi hivyo. Inapita wiki mbili, mama hana raha na kitu chochote, mtoto kalala lakini yeye macho makavu mpaka alfajiri, chakula hakipiti, anajiona mama mbaya, anamuangalia mtoto haoni kama wake, na wengine wanaanza kufikiria kufa. Na haisubiri kujifungua, wapo inaowakamata mimba ikiwa na miezi minne tu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kwenye nchi kama zetu karibu wajawazito 16 kati ya 100 wana tatizo la afya ya akili, na hasa ni sonona, baada ya kujifungua wanafika karibu 20. Yani kwenye benchi la kliniki wakikaa wazazi watano, mmoja wao huyo.

Vitamini D inaingiaje hapo? Hii vitamini mwili unaitengeneza wenyewe ngozi ikipigwa na jua, halafu inapita kwenye ini na figo ndo inaanza kufanya kazi. Kazi yake inayojulikana ni mifupa, bila hiyo mwili haunyonyi kalsiamu vizuri. Ila watafiti wamekuta ubongo nao una sehemu za kuipokea, na tafiti nyingi zimeona wajawazito na wazazi wenye vitamini D ndogo kwenye damu wanakutwa na sonona zaidi kuliko wenzao. Hapo ndo watu wakarukia kwamba basi dawa ni kidonge.

Subirini kidogo. Mtu mwenye sonona anafanya nini? Anajifungia ndani, hatoki, hapiki, hali. Sasa vitamini D ikishuka utasema ndo imeleta sonona au sonona ndo imeishusha? Yote yanawezekana, na yanaweza yakaletwa na kitu cha tatu kama njaa au ugonjwa. Tafiti ndogo zilizowapa wajawazito na wazazi vidonge majibu yake hayafanani, zingine zimeona nafuu zingine hazijaona kitu. Kuna utafiti mmoja mkubwa sana wa vidonge hivi ulifanyika Marekani, majibu yakatoka 2020, watu 18,353 wa miaka 50 kwenda juu, nusu wanameza yuniti 2,000 (yuniti ndo kipimo cha vitamini, kimeandikwa kwenye boksi) kila siku nusu vidonge visivyo na kitu, ikapita zaidi ya miaka mitano na sonona ikawapata sawasawa. Najua hao sio wazazi wa wiki tano, kwa hiyo haifungi mjadala, lakini mimi inanitosha kutomwambia mama aweke matumaini yake yote kwenye boksi.

Na hata bila utafiti wa Marekani nendeni Igombe au Kayenze asubuhi muwaone kina mama wanaoanika dagaa, wanashinda juani mpaka mgongo unauma, na huko nako nakutana na wenye sonona. Mwingine anapigwa nyumbani, mwingine mume kaenda visiwani kuvua hatumi hata mia, mwingine alishafiwa na mtoto kabla ya huyu. Hayo jua haliyafikii.

Tukiwa kwenye jua, kuna hili la jua la asubuhi. Tumefundishana miaka yote kwamba jua la saa moja ndo lina vitamini D, na kiukweli lina kidogo sana, maana jua likiwa chini ule mwanga unaotakiwa unaishia angani. Angalia kivuli chako, kikiwa kirefu kuliko wewe basi hapo unaota joto tu, kikifupika, kwetu ni kama kuanzia saa nne, ngozi ndo inatengeneza. Huna haja ya kuungua, mikono na uso na miguu vikipata jua kwenye shughuli zako za kawaida inasaidia, ingawa ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu kuliko nyeupe na dirisha la kioo linazuia. Tatizo ni mzazi anayefungiwa ndani siku arobaini, kajifunika khanga na blanketi, pazia limeshushwa. Mtoto mchanga msimwanike jua kali. Na mwenye ualbino ushauri huu wa jua haumhusu kabisa, kwake saratani ya ngozi ndo hatari, vitamini aitafute kwenye chakula.

Chakula chenyewe sisi wa ziwani tusilalamike, samaki wanayo, kiini cha yai kinayo, maini yanayo japo mjamzito asile maini kila siku maana yana vitamini A nyingi. Mahitaji ni kama yuniti 600 kwa siku. Vidonge vya yuniti 50,000 usijinunulie tu, hii vitamini inatunzwa kwenye mafuta ya mwili, ikizidi kalsiamu inapanda, unatapika, kiu haiishi, na figo zinaumia. Kama daktari kakupima kakuta huna, meza alivyokuandikia.

Yule dada sikumnyang'anya boksi lake, vilikuwa vidonge vya dozi ndogo. Nilimuuliza maswali mawili tu, wiki mbili hizi umekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Vitu vilivyokuwa vinakufurahisha bado vinakufurahisha? Tukampima na damu, maana upungufu wa damu nao unachosha mtu mpaka unafanana na sonona, na tezi ya shingo ikisumbua hivyohivyo. Damu yake ilikuwa ndogo kweli. Akaanza vidonge vya kuongeza damu na akapangiwa vikao vya kuongea na mshauri kila wiki, na dawa za sonona zipo pia ambazo anayenyonyesha anaweza kutumia chini ya daktari, sio lazima amwachishe mtoto.

Ila mzazi akianza kusikia sauti, au amekesha siku mbili tatu na hasikii uchovu, au anasema mtoto kabadilishwa, au anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, hapo msingoje tarehe ya kliniki wala msianzie kwa mganga, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja njiani.

Wiki iliyofuata dada alirudi na mama mkwe wake. Mama mkwe ndo alikuwa kambeba mtoto, akaniambia sa hivi usiku mtoto analala na yeye bibi, anamleta kwa mama yake kunyonya tu.